Komini zimeungana, vitabu vyake vya hesabu viko wapi?

Karibu na soko la mpakani Mugina anaishi mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa na unga wa mahindi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akivuka kwenda Manyovu, upande wa Tanzania, na kurudi. Ana ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zile zinazouzwa na rangi ya nyumba. Humo ametia kila tiketi ya ushuru wa soko aliyokatiwa tangu alipohamia hapa, akazifunga kwa raba mwaka kwa mwaka. Mumewe humcheka. Mwishoni mwa mwaka 2025 aliniomba nipite kwake nikitoka shuleni.

"Mwalimu, hizi za zamani nizichome?" aliniuliza. "Komini iliyozitoa haipo tena. Nikigombana na mtu, nitamwonyesha nani?"

Nilimwambia asichome hata moja. Alitaka kujua sababu na wakati ule sikuwa na jibu zuri, nikamwambia tu karatasi ya serikali haitupwi. Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile, na naona linawahusu wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni na wote wanaolipa ushuru mpakani. Ndiyo maana naliandika hapa, kwa kuangalia kwanza majirani zetu walivyofanya.

Ndugu msomaji anakumbuka kwamba sheria ya mwezi Machi 2023 iliigawa Burundi upya. Mikoa 18 ikawa mitano, yaani Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Komini 119 zikawa 42. Mpango huo ulianza kufanya kazi baada ya uchaguzi wa mwaka 2025. Sina neno na ramani mpya, maana wenye kupanga walikuwa na sababu zao, ikiwamo kupunguza gharama za uendeshaji. Ninachouliza ni kitu kidogo sana. Komini 119 zilikuwa na vitabu 119 vya mapato na matumizi, vya miaka mingi. Je, mwananchi wa kawaida anaweza leo kuviona, avilinganishe na hesabu za komini mpya zinazokuja?

Kuna watakaosema mwalimu anatafuta makuu, hesabu za miaka iliyopita zina faida gani. Twende Uganda.

Mwaka 1996 serikali ya Uganda na Benki ya Dunia walitaka kujua jambo lililowakera. Bajeti ya elimu ya msingi ilikuwa imepanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini shuleni hakuna kilichobadilika. Watafiti walikwenda katika shule za msingi 250 za serikali. Hawakuishia kwenye makaratasi ya wizara. Walifungua madaftari ya walimu wakuu, wakaandika kila shilingi iliyopokelewa kuanzia 1991 hadi 1995, kisha wakaiweka kando ya ile ambayo serikali kuu ilisema imeituma wilayani. Fedha waliyoifuatilia ilikuwa ruzuku ya kila mwanafunzi, ya kununulia chaki, vitabu na mengineyo yasiyo mshahara.

Matokeo yaliandikwa na Ritva Reinikka na Jakob Svensson, na hadi leo husomwa vyuoni duniani kote. Kwa wastani wa miaka ile mitano, asilimia 13 tu ya ruzuku ndiyo iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata kitu. Mwaka 1995 peke yake hali ilikuwa imeanza kuwa nafuu, kama robo hivi ilifika, lakini robo tatu bado ilipotelea njiani, yaani wilayani.

Jambo la ajabu ni kwamba mishahara ya walimu, iliyopitia njia ile ile, kwa kiasi kikubwa iliwafikia. Mimi mwenyewe ni mwalimu, na sikuhitaji mtafiti anieleze sababu. Mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na tarehe ngapi unatoka. Ukipungua hata kidogo, ofisi ya elimu haikaliki. Ruzuku ilikuwa kitu kingine. Walimu wakuu wengi hawakujua kuwa shule yao inastahili kiasi fulani, na wazazi walijua kidogo kuliko wao. Wazazi walikuwa wakichangishwa kila muhula, na michango yao ndiyo iliyoendesha shule. Mtu ataidai vipi fedha asiyojua kuwa ni yake?

Serikali ya Uganda, badala ya kuficha aibu ile, ilianza kutangaza kwenye magazeti na redioni kiasi cha fedha kilichotumwa kila wilaya, mwezi kwa mwezi. Baadaye shule na makao makuu ya wilaya yakatakiwa kubandika ukutani fedha iliyopokelewa, mahali ambapo kila mzazi anapita. Mwaka 2001 hesabu ilipofanywa tena, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Watafiti waliona pia kuwa shule zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa gazeti, ambako mwalimu mkuu alijua kanuni ya ruzuku na ratiba yake, ziliibiwa kidogo kuliko zilizokuwa mbali.

Hadithi hii hupendwa kwenye semina, na kwa sababu hupendwa mno ni vizuri kuipunguzia chumvi. Mwaka 2007 Paul Hubbard aliandika akikumbusha kwamba miaka ile ile Uganda ilikuwa ikifanya mengine mengi. Mwaka 1997 ilianzisha elimu ya msingi bila ada, wilaya zikapewa masharti mapya ya kupokea fedha, na wafadhili walikuwa macho. Kwa hiyo si karatasi ya ukutani peke yake iliyofukuza wezi. Nakubaliana naye. Lakini hata yeye hakusema karatasi ile ilikuwa bure, na pasipo zile namba za miaka mitano mfululizo hakuna ambaye angejua kuwa kuna wizi wa kufukuza. Wizara ilikuwa inaamini vitabu vyake.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hesabu za mwaka mmoja humfaa mwenye kutaka kujisifu. Msitanteri akikuambia mwaka huu tumejenga zahanati moja na kukarabati madaraja mawili, utampigia makofi, kwa kuwa huna cha kulinganisha. Mpe mtu namba za miaka saba kwa mpangilio ule ule, na upande wa pili umpe daftari la aliyetakiwa kupokea, ataanza kuuliza maswali hata kama hajamaliza darasa la saba.

Mimi nilimaliza darasa la saba Ulyankulu, mkoa wa Tabora, mwaka 1993. Wazazi wangu walikimbia 1972, nami nikazaliwa huko. Tulisoma shule za Tanzania kwa mtaala wa Tanzania. Kila mwaka mzee wangu aliuza tumbaku akatoa mchango wa UPE, akapewa stakabadhi, akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na karatasi za ukimbizi. Ada na michango ile ya shule za msingi ilifutwa 2001, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Nilikuwa nimeanza kufundisha.

MMEM ulikuja na ahadi ya ruzuku ya dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wakati ule dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 1,000, hivyo watu wakaizoea kama shilingi 10,000. Miaka ikapita. Mwisho wa 2015 serikali ilipotangaza elimu bila malipo, na mwaka 2016 ruzuku ikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule badala ya kupita halmashauri, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000. Dola ilikuwa imekwisha kupita shilingi 2,000. Anayetazama takwimu za shilingi ataona ruzuku haikuguswa na mtu, imebaki ile ile miaka 14. Anayenunua chaki ataona imekatwa zaidi ya nusu, na hakuna mwizi hata mmoja wa kumkamata. Kupeleka fedha moja kwa moja shuleni kulikuwa jambo jema sana, nalisifu, ila halikurudisha thamani iliyokwishapotea.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji somo hili. Wao ndio hutufundisha. Serikali yetu ya Burundi ilianza kabla ya 2020 kuipa kila komini faranga milioni 500 kwa mwaka kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Komini 119 mara milioni 500 ni faranga bilioni 59 na nusu, fedha nyingi kwa nchi yetu, na ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini mwaka 2018 dola moja kwa bei ya benki ilikuwa chini ya faranga 1,800. Baada ya faranga kushushwa thamani Mei 2023 dola ilipita 2,800, tena hiyo ni ya benki, ya mtaani kila mtu anaijua. Milioni 500 za 2018 zilikuwa kama dola 280,000. Milioni 500 hizo hizo baada ya Mei 2023 hazifiki dola 180,000. Mabati, saruji na nondo vinavyotoka nje hununuliwa kwa dola. Kwa hiyo komini iliyojenga vyumba sita mwanzoni na vinne baadaye kwa fedha ile ile huenda haikuiba kitu. Na komini iliyojenga vinne tangu mwanzo, wakati wenzake wakijenga sita, ina la kueleza. Haya mawili yanatenganishwa na namba za miaka mingi tu, za komini nyingi, zikiwekwa pamoja.

Narudi Tanzania kidogo, kwa sababu kuna jambo wanalofanya ambalo tungeweza kuiga bila gharama. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti kabla ya Machi kwisha, na baadaye huwasilishwa bungeni na kuwa mali ya umma. Ipo ripoti maalumu ya serikali za mitaa, halmashauri kwa halmashauri. Tangu enzi za Ludovick Utouh, aliyeishika ofisi hiyo 2006 hadi 2014, watu wa kawaida wamejifunza kutaja hati safi, hati yenye shaka na hati mbaya kama wanavyotaja matokeo ya mpira. Nilikuwapo miaka ya mwanzo. Mkurugenzi wa halmashauri aliyepata hati yenye shaka alipita sokoni kwa haraka.

Hata hivyo msomaji asidanganyike na hati safi. Hati safi maana yake ni kwamba hesabu zimeandikwa sawasawa. Unaweza kununua madawati mabovu kwa bei ya juu, ukaandika kila kitu kwa usahihi, ukapata hati safi. Ndiyo sababu ripoti hizo zina faida zaidi ukizisoma kwa mfululizo. Kila ripoti ina sehemu ya hoja za miaka iliyopita ambazo hazijajibiwa, na halmashauri inayobeba hoja zile zile mwaka baada ya mwaka inajitangaza yenyewe.

Lakini mfululizo huo una mahali unapokatika, na wa Tanzania ulikatika mbele ya macho yetu. Manyovu, pale mama wa ndoo anaponunulia dagaa, ilikuwa wilaya ya Kasulu. Mwaka 2012 ikawa wilaya mpya ya Buhigwe. Ulyankulu yangu ilikuwa Urambo, mwaka huo huo ikawa Kaliua. Katumba na Mishamo, walikokulia wengi wa wasomaji wa ukurasa huu, zilikuwa mkoa wa Rukwa, zikawa Katavi. Mtu akichukua leo hesabu za Kasulu za 2010 akazilinganisha na za Kasulu za 2014, ataona matumizi yameshuka, apige kelele kuwa Kasulu imenyimwa fedha. Kumbe Kasulu imepungua watu na ardhi. Uganda ndiyo imezidi. Utafiti ule ulipofanywa wilaya zilikuwa 39, leo zimezidi 130. Atakayetaka kujua kama wilaya fulani imepata zaidi au pungufu tangu 1995 lazima kwanza ajumlishe watoto na wajukuu wa wilaya ile.

Kwetu imekuwa kinyume, tumeunganisha badala ya kugawa, na kuunganisha kuna hatari yake. Gawanya 119 kwa 42, utapata karibu komini tatu za zamani ndani ya moja mpya. Tuseme, kwa mfano tu, komini mpya itangaze kwamba imepata faranga bilioni moja. Itasikika kama ruzuku imeongezeka maradufu kutoka milioni 500. Ukijumlisha komini tatu za zamani zilizomo ndani yake, zilikuwa zikipata bilioni moja na nusu. Kwa hiyo kilichoitwa nyongeza ni upungufu wa theluthi moja. Hapana aliyesema uongo. Ni mlinganisho tu ambao hakuna aliyeufanya, kwa sababu vitabu vya zamani havikuwa karibu.

Wakenya waliwahi kupita njia inayofanana na hii. Mwaka 2013 mabaraza yao ya miji na wilaya, 175 kwa jumla, yalifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na kaunti 47. Nani anamiliki jengo lipi, nani atalipa deni la nani, liligeuka jambo la miaka. Tume ya mpito ilimaliza muda wake kazi haijaisha, ikaachia kamati nyingine. Walichokipata kizuri ni kwamba Mdhibiti wao wa Bajeti alianza kutoa ripoti za robo mwaka za kila kaunti tangu mwanzo, fedha zilizopangwa, zilizotolewa na zilizotumika, hivyo mfululizo mpya ulianza siku ya kwanza. Rwanda nao waliunganisha wilaya 106 zikawa 30 mwaka 2006. Majirani hawa wote wawili wana maofisa wanaokumbuka walivyofanya makabidhiano ya hesabu. Kuwauliza si aibu.

Sasa niseme langu, ambalo lilinifanya nianze kufuatilia mambo haya.

Nilirudi Burundi 2009, na wale waliochagua kurejea wakati wenzetu wengi walichagua uraia wa Tanzania. Nikaanza kufundisha katika komini moja ambayo sitaitaja. Shule yetu ilikuwa na vyumba vichache kuliko madarasa, na watoto wa waliorudi walikuwa wanaongezeka kila muhula. Siku moja, nikisubiri karatasi ya ardhi ya mzee wangu pale ofisini, niliona ukutani karatasi ya bajeti ya komini. Ilikuwa kwa Kifaransa. Mimi niliyesoma kwa Kiswahili na Kiingereza niliisoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, lakini jina la shule yetu nililiona. Ujenzi wa vyumba viwili. Nilirudi shuleni na furaha, nikawaambia wenzangu.

Mwaka uliofuata nikaenda tena kuangalia. Vyumba viwili, shule yetu. Mwaka wa tatu, vivyo hivyo. Nilikuwa nimeandika kila mwaka kwenye daftari, tarehe na kiasi. Nilipomwonyesha katibu, mtu mpole tu, aliniambia, "Mwalimu, hayo ni makisio. Fedha yenyewe hatukupata." Huenda alisema kweli. Huenda ruzuku haikushuka, au ilishuka ikaziba daraja lililochukuliwa na mvua. Nisingeweza kujua, kwa kuwa ukutani ilibandikwa bajeti ya mwanzo wa mwaka, haikubandikwa kamwe hesabu ya mwisho wa mwaka. Miaka mitatu nilikuwa nimesoma matumaini nikidhani nasoma matumizi.

Tangu hapo nikiona karatasi yoyote ya serikali za mitaa nauliza swali moja kwanza. Hii ni fedha iliyoombwa, iliyoahidiwa, iliyopokelewa au iliyotumika? Mara nyingi anayebandika mwenyewe hana hakika.

Vyumba vile vilijengwa baadaye sana, na wazazi, kwa matofali yao na kazi za Jumamosi, mabati yakatoka kwa shirika moja. Komini yenyewe haipo tena. Yule katibu amestaafu. Daftari langu lipo, na ukiliangalia utadhani ni la mtu mwenye kinyongo. Labda ndivyo.

Lugha nayo isisahaulike. Uganda walipotangaza fedha za wilaya hawakutumia Kiingereza peke yake, walitumia pia magazeti ya lugha za wenyeji na redio. Mwaka 2013 Wizara yao ya Fedha ikaongeza tovuti ya bajeti yenye takwimu za kila wilaya, na namba ya simu ya bure ya kutolea taarifa. Kwetu hesabu ya komini ikiandikwa kwa Kifaransa cha kihasibu, mwenye duka Kobero na mama wa Mugina wamefungiwa nje hata kama mlango uko wazi. Kirundi kinatosha. Kwa komini za mpakani na za kando ya Ziwa Tanganyika, ambako nusu ya soko huzungumza Kiswahili, ukurasa mmoja wa Kiswahili haungemfilisi mtu.

Naombwa nini nikisema yote haya? Ningeomba kwanza kwamba vitabu vya komini 119 visiachwe kwenye maboksi katika ofisi zilizogeuzwa kuwa za zoni, maana mchwa hawana ubaguzi, wa kweli na wale wa mfano. Vikusanywe, vipigwe picha, na majumlisho ya kila mwaka yatolewe mlima kwa mlima. Ramani imebadilika juu, lakini mlima haukuhama, na shule iko pale pale. Mtu akijua kila mwaka mlima wake ulipata nini, kwa faranga ya mwaka ule, ataweza kuendelea kuhesabu hata ikija ramani nyingine. Pia komini 42 zianze na mpangilio mmoja wa hesabu na wasiubadilishe kila anapokuja mhasibu mpya. Kazi hii si ya mitambo mikubwa. Kinachotakiwa ni karatasi moja mwisho wa mwaka, inayofanana na ya mwaka uliopita.

Upande wa pili wa hesabu unao sisi. Wale watafiti wa Uganda wangerudi mikono mitupu kama walimu wakuu wasingekuwa na madaftari, kwa sababu vitabu vya wilaya havikutegemeka. Tuliorudi tuna tabia ya kutunza karatasi, tumefundishwa na kambi. Asiyekuwa na karatasi hakupata mgao, hakupata kibali cha kutoka, na alipofika nyumbani hakupata shamba. Wafanyabiashara nao wana tiketi za soko, za maegesho, za kushusha mzigo. Zikiwekwa pamoja, tiketi za wauzaji hamsini wa soko moja kwa miaka kumi ni kitabu cha mapato ambacho hakuna anayeweza kukifuta.

Jumapili iliyofuata nilirudi kwa yule mama na daftari jipya la kurasa 96. Tulimwaga ndoo mkekani. Binti yake wa kidato cha pili alisoma tarehe, mimi nikaandika, mama akafunga upya kwa raba. Tiketi za miaka ya mwanzo zimefifia, wino umekwenda, baadhi tulizisoma kwa kuzielekeza dirishani. Tulifika mwaka 2016 giza likaingia. Mumewe, aliyekuwa amekaa kando akituangalia, akaingia ndani akatoka na bahasha ya kaki.

"Na hizi za bodaboda," alisema. "Mtaziandika wapi?"